Chuki mbili zinazolishana: Wayahudi, watu Weusi na sheria ya damu

Mtaa wa Brunnenstraße mjini Berlin, mbele ya nyumba namba 193, kuna kibao cha shaba kisichozidi kiganja cha mkono, kimepachikwa katikati ya mawe ya njia ya waenda kwa miguu. Vibao vya aina hii vimetapakaa Ulaya, na vingi vina majina ya Wayahudi waliotolewa kwenye nyumba hizo wakapelekwa kuuawa. Hiki kina jina la mtu wa Dar es Salaam. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa huko mwaka 1904, akawa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akahamia Berlin mwaka 1929. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha mji huo, akahudumia wateja mezani, akaigiza kwenye filamu. Mwaka 1941 Gestapo, polisi wa siri wa utawala wa Nazi, walimkamata kwa madai ya "kuchafua damu", yaani kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alifia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Kosa hilo la kuchafua damu liliandikwa kwenye sheria ya mwaka 1935 kwa ajili ya Wayahudi. Lilimfikiaje mwalimu wa Kiswahili?

Ukilijibu swali hilo umeshafungua nusu ya fundo linalowachanganya watu wengi. Mwishoni mwa Januari 2022, Whoopi Goldberg, mwigizaji na mtangazaji Mweusi wa Marekani, alisema kwenye televisheni kwamba mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler hayakuhusu ubaguzi wa rangi, kwa kuwa waliouawa na waliowaua wote walikuwa weupe. Kituo cha ABC kilimsimamisha wiki mbili, naye akaomba radhi. Lakini alichokisema ndicho wanachokiamini watu wengi hata huku kwetu: Myahudi ni Mzungu, basi ubaguzi wa rangi unamhusu nini?

Tuanze na maneno yenyewe. Ubaguzi dhidi ya watu Weusi ni mkusanyiko wa imani, sheria na desturi zinazomhesabu mtu mwenye asili ya Afrika kuwa duni, kisha zikamnyima ardhi, kazi, elimu au uhai kwa kisingizio hicho. Chuki dhidi ya Wayahudi, ambayo lugha za Ulaya huiita antisemitizimu, ni uadui kwa Wayahudi kwa kuwa tu ni Wayahudi, iwe kwa dini yao, nasaba yao, au nguvu wanazodhaniwa kuwa nazo. Jina hilo la Ulaya lilienezwa mwaka 1879 na Mjerumani Wilhelm Marr, na hakulitunga ili kukemea chuki hiyo. Yeye mwenyewe aliwachukia Wayahudi, akaunda chama cha kuwapinga, na alitaka jina lenye sura ya kisayansi lisilonuka ugomvi wa dini. Ndiyo maana hoja ya vijiweni kwamba "Waarabu nao ni Wasemiti, hawawezi kuwa na chuki hiyo" haisimami. Kisemiti ni jina la jamii ya lugha, zikiwemo Kiarabu, Kiebrania, Kiamhara na Kitigrinya. Marr hakuwa na ugomvi wowote na Waamhara.

Chuki hizi mbili hazifanani umbo, na hapa ndipo wachambuzi wengi wanapoteleza kwa kuzisema kana kwamba ni kitu kimoja. Ubaguzi dhidi ya Weusi hutazama chini. Husema huyu hana akili, ni mvivu, ni hatari, anahitaji kusimamiwa. Ni maneno ya bwana shamba wa kikoloni kwa kibarua. Chuki dhidi ya Wayahudi hutazama juu. Husema huyu ana akili kupita kiasi, ana fedha, amejificha nyuma ya pazia anavuta kamba. Ya kwanza ni dharau, ya pili ni tuhuma.

Anayetaka kuielewa hiyo ya pili bila kwenda Ulaya afikirie tuhuma za uchawi. Bibi kizee wa Usukumani ana macho mekundu kwa sababu amepika miaka mingi kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, lakini macho hayo hayo yanageuzwa ushahidi. Ng'ombe wa jirani wakifa, ni yeye. Ng'ombe wake wakinenepa, ni yeye pia. Akinyamaza, anaficha, akijitetea, anaogopa. Hakuna jambo linaloweza kumtoa hatiani, kwa kuwa tuhuma yenyewe imeumbwa hivyo. Wayahudi wa Strasbourg waliuawa Februari 1349 wakidaiwa kutia sumu visimani wakati wa tauni. Kabla ya hapo, tangu karne ya 12, walikuwa wakisingiziwa kuwaua watoto wa Kikristo na kutumia damu yao kwenye ibada. Aliyekulia pwani akatishiwa mumiani hahitaji maelezo marefu.

Na umbo hili si geni kwetu hata kwenye siasa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, akidai wanaikamua nchi. Mwenye duka alikuwa ndiye sura ya utajiri ambayo mwananchi aliiona kila siku. Wenye mashirika makubwa hawakuonekana kaunta. Septemba ya mwaka huo huo Amin alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Nchini Rwanda gazeti la Kangura lilichapisha Desemba 1990 "amri kumi" zilizomwonyesha Mtutsi kuwa mjanja, mwenye hila za fedha na wanawake, anayetaka kutawala wengine. Hiyo ni chuki inayotazama juu. Na wazo kwamba Watutsi ni wageni wa asili ya "Kihamiti" lilitoka kwa Wazungu wa karne ya 19 waliokuwa wakipanga watu kwa ngazi za damu, kazi ile ile iliyokuwa ikifanywa Ulaya dhidi ya Wayahudi.

Damu ilivyosafiri

Mwaka 1449 mji wa Toledo nchini Hispania ulipitisha kanuni ya kuwazuia Wakristo wenye asili ya Kiyahudi wasishike vyeo. Walikuwa wamebatizwa, wanakwenda kanisani kama wengine. Hadi hapo ubatizo ulitosha kumbadilisha mtu. Sasa ikasemwa kuna kitu ndani ya mwili ambacho maji hayakisafishi. Wahispania walipovuka bahari walikwenda na kipimo hicho cha "usafi wa damu", wakakitumia Amerika kuwafungia milango watu wenye asili ya Afrika na wenyeji wa huko.

Kisha mkondo ukageuka. Wajerumani walipiga marufuku ndoa za Wazungu na Waafrika katika koloni lao la Kusini Magharibi mwa Afrika, Namibia ya leo, mwaka 1905, na katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1906. Mahjub alikuwa mtoto wa miaka miwili. Mwaka 1908, Waherero na Wanama wakiwa wametoka kuuawa kwa maelfu, mtaalamu Eugen Fischer alikwenda Rehoboth kuwapima machotara wa huko nywele, macho na ngozi. Kitabu alichokitoa mwaka 1913 kilimjengea jina. Mwaka 1927 akawa mkurugenzi wa taasisi kubwa ya anthropolojia mjini Berlin, na mwaka 1937 wataalamu wa taasisi yake walitumika kuwachambua watoto wapatao 400 wa Rhineland, eneo la magharibi mwa Ujerumani, wenye mama Wajerumani na baba wanajeshi Waafrika wa Ufaransa, ambao walifungwa kizazi kwa nguvu.

Sheria nazo zilipata kielelezo kutoka Marekani. Tarehe 5 Juni 1934 wanasheria wa Nazi walikutana kutayarisha sheria mpya ya jinai, wakajadili kwa kirefu jinsi majimbo ya Marekani yalivyozuia ndoa kati ya Weusi na Weupe. Kilichowavutia zaidi ni kwamba Wamarekani walikuwa wanamwadhibu aliyeoa, si kuifuta ndoa tu. Baadhi yao waliona kanuni ya Marekani ya "tone moja", inayomfanya mtu kuwa Mweusi kwa tone lolote la damu ya Kiafrika, ni kali mno. Wao wakaweka hesabu ya mababu, watatu au wanne wa Kiyahudi wakamfanya mtu kuwa Myahudi kisheria. Sheria za Nuremberg zilitangazwa Septemba 1935. Kufikia Novemba maelekezo ya serikali yalishawataja Waroma na Wasinti, jamii ambazo Wazungu huziita Wajipsi, pamoja na watu Weusi kwenye katazo la ndoa.

Kwa hiyo kilichofanywa Toledo kwa Wayahudi kilivushwa Amerika kwa Weusi. Kilichofanywa kwa Weusi Amerika na Afrika kilirudishwa Ulaya kwa Wayahudi. Na kilichoandikwa kwa Wayahudi kikamnasa mtu wa Dar es Salaam mtaani Berlin. Goldberg alikosea kwa sababu alidhani "rangi" ni kile jicho linachokiona, wakati katika sheria hizi zote rangi ni kile mwenye mamlaka alichokiandika kwenye karatasi.

Walowezi wa Kenya walilithibitisha hilo mapema. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi waliokimbia mauaji ya Urusi ardhi kwenye nyanda za Uasin Gishu. Lord Delamere na walowezi wenzake walipinga kwa ukali. Kwao hao hawakuwa Wazungu wa kutosha. Wanandi na Wamaasai, wenye ardhi, hakuna aliyewauliza. Mpango ulikufa mwaka 1905.

Vilevile si Wayahudi wote walio weupe hata kwa jicho. Kilimani Nabugoye, karibu na Mbale nchini Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Amin aliipiga marufuku dini yao. Wayahudi wa Ethiopia walihamishiwa Israeli, zaidi ya 14,000 kati yao kwa ndege ndani ya saa 36 Mei 1991, na miaka mitano baadaye ikafichuka kwamba damu waliyojitolea ilikuwa ikimwagwa kwa siri. Damu tena.

Jinsi moja inavyoitegemea nyingine

Mtu anayeamini kwa dhati kwamba Weusi hawana akili ana tatizo la kimantiki. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani inaharamisha shule za kibaguzi. Mwaka 1955 watu Weusi wa Montgomery wanagomea mabasi kwa zaidi ya mwaka mzima, wanapanga usafiri wao wenyewe, wanashinda. Waliwezaje? Kukiri kwamba walijipanga vizuri ni kubomoa imani yake yote. Njia iliyobaki ni kusema kuna mtu nyuma yao. Hapo ndipo Myahudi anapoitwa kwenye hadithi. Eric Ward, mwanaharakati Mweusi wa Marekani aliyewafuatilia wafuasi wa ukuu wa Wazungu kwa miaka mingi, ndiye aliyelieleza hili kwa uwazi: chuki dhidi ya Wayahudi si kipande cha pembeni katika itikadi yao, ndiyo injini.

Ukishaiona injini, matukio yanaeleweka. Oktoba 1958 sinagogi la Temple mjini Atlanta lililipuliwa kwa baruti. Rabi wake, Jacob Rothschild, alikuwa akihubiri dhidi ya ubaguzi wa Weusi. Agosti 2017 huko Charlottesville walioandamana kutetea sanamu ya jenerali aliyepigania upande wa utumwa waliimba kwamba Wayahudi hawatachukua nafasi yao. Msikilizaji wa juujuu alishangaa: sanamu ya vita vya utumwa na Wayahudi wapi na wapi? Nadharia yao ni kwamba Weusi na wahamiaji "wanaletwa" kuchukua nafasi ya Wazungu, na anayewaleta ni Myahudi. Oktoba 2018 mtu aliyeiamini aliwaua Wayahudi 11 ndani ya sinagogi la Pittsburgh kwa sababu ya shirika la Kiyahudi linalosaidia wakimbizi. Mei 2022 mwingine aliwaua watu Weusi 10 kwenye duka kubwa mjini Buffalo, akiacha maandishi yaliyojaa chuki dhidi ya Wayahudi. Hadithi ni ile ile, isipokuwa mmoja alimfuata "anayeleta", mwingine akawafuata "wanaoletwa".

Hapo ndipo kazi ya vitendo inapoanzia. Video inayosambazwa WhatsApp kuhusu familia fulani ya Kiyahudi inayoendesha benki za dunia inaonekana haina uhusiano na mtu Mweusi. Lakini Mwafrika anayeisambaza anaikubali hoja ile ile inayosema kwamba mafanikio ya Weusi yana mwenyewe mwingine.

Uongo unaorudi mara nyingi zaidi ni kwamba Wayahudi ndio walioiendesha biashara ya watumwa ya Atlantiki. Chukua hesabu. Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini. Meli za Ureno na Brazili zilibeba karibu milioni 5.8, za Uingereza zaidi ya milioni 3, zikifuatiwa na za Ufaransa, Hispania, Uholanzi na nyingine, chini ya wafalme na makampuni ya Kikristo. Wayahudi walikuwemo: kulikuwa na wenye mashamba Suriname na wafanyabiashara Newport, na Judah Benjamin, Myahudi mwenye watumwa, alikuwa waziri wa serikali ya majimbo ya kusini ya Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa juu ya utumwa. Sehemu yao katika jumla ilikuwa ndogo, na mwaka 1995 Chama cha Wanahistoria wa Marekani kilitoa tamko la kulaani madai kwamba walikuwa na nafasi kubwa kupita kiasi. Kukataa kwamba walikuwemo kabisa nako ni kosa. Mtu akikuta jina moja la kweli atadhani mengine yote umemficha.

Na Israeli? Kuikosoa serikali ya Israeli, jeshi lake au sheria zake si chuki dhidi ya Wayahudi, kama vile kumkosoa rais wa nchi ya Kiafrika si ubaguzi dhidi ya Weusi. Kutetea haki za Wapalestina pia si chuki, na anayelitumia neno hilo kuwanyamazisha watu analichakaza hadi likose makali. Kipimo chepesi ni kuangalia nani anatajwa. "Waziri fulani ameamuru hili" ni siasa. "Wayahudi ndivyo walivyo" ni chuki. Kumwajibisha muumini wa sinagogi la Nairobi au Paris kwa uamuzi wa baraza la mawaziri lililoko Jerusalem ni chuki pia, hata likisemwa kwa nia ya kuwatetea wanyonge.

Ushirikiano ulipofanya kazi, na ulipovunjika

Hadithi za ushirikiano wa Weusi na Wayahudi Marekani hupambwa sana, na mapambo huficha somo. Julius Rosenwald, tajiri wa kampuni ya Sears, alishirikiana na Booker T. Washington, kiongozi Mweusi wa elimu, kujenga shule za watoto Weusi kusini, karibu 5,000 kufikia mwaka 1932. Jambo lisilosemwa sana ni mpango wa fedha. Rosenwald alitoa sehemu tu, na kila kijiji kilitakiwa kuchanga. Jumla ya michango ya watu Weusi wenyewe, ya fedha, ardhi na nguvu kazi, ilizidi kidogo alichotoa tajiri. Shule zikawa zao.

Juni 1964, James Chaney, kijana Mweusi wa Mississippi, na Wayahudi wawili wa New York, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa pamoja baada ya kwenda kuchunguza kanisa la Weusi lililochomwa. Miili ilipatikana siku 44 baadaye chini ya tuta la bwawa. Katika msako huo ilipatikana miili ya vijana wengine Weusi ambayo magazeti hayakuitilia maanani. Rita Schwerner, mjane wa Michael, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kama Chaney angepotea peke yake, nchi isingejali. Mshirika mzuri husema hivyo wakati kamera zinamwelekea yeye.

Miaka minne baadaye ushirikiano huo ulipasuka Brooklyn, New York. Eneo la Ocean Hill–Brownsville, lenye wanafunzi Weusi na wa Puerto Rico kwa wingi, lilipewa bodi yake ya shule kwa majaribio. Mei 1968 bodi iliwaandikia barua walimu na wasimamizi 19 kuwaondoa, wengi wao Wayahudi. Chama cha walimu, ambacho nacho kilikuwa na Wayahudi wengi, kiligoma mara tatu, na zaidi ya watoto milioni moja wakakosa masomo. Kila upande ulikuwa na hoja ya haki: wazazi walitaka sauti juu ya shule zilizowaangusha watoto wao, walimu walitaka mtu asifukuzwe kazi bila utaratibu. Kisha vikaonekana vipeperushi vya matusi dhidi ya Wayahudi, vilivyoandikwa na watu wachache wasiojulikana. Chama cha walimu kikavichapa upya kwa wingi na kuvisambaza mji mzima kama ushahidi. Kuanzia hapo hakuna aliyezungumzia tena barua za kazi. Mgogoro wa ajira na mamlaka uligeuka ugomvi wa Weusi na Wayahudi, ingawa bodi ile ile ilikuwa imeajiri walimu wengi wa Kiyahudi kuziba nafasi.

Kosa hilo linarudi hadi leo kwa sura nyingine: msanii mmoja Mweusi anatoa maneno ya chuki, na Weusi wote wanatakiwa kumkana hadharani kabla ya kuruhusiwa kuzungumza jambo lao, tajiri mmoja wa Kiyahudi anawadhulumu wapangaji, na dini yake inawekwa kwenye kichwa cha habari. Dawa yake ni ya kikarani kabisa. Mgogoro uandikwe kwa jina la kitu kinachogombewa, kodi, kazi au mshahara, na kwa jina la aliyetenda. Matusi yakitokea, yakemewe na watu wa upande yalikotoka, mapema, bila kungoja kuombwa. Na yasichapwe upya.

Kuna pia suala la mlango. Oktoba 2019, siku ya Yom Kippur, sikukuu ya toba ya Wayahudi, mtu mwenye bunduki alijaribu kuingia sinagogi la Halle, Ujerumani, lililokuwa na watu zaidi ya 50. Mlango wa mbao ulimshinda. Aliua mwanamke aliyekuwa akipita, kisha mteja wa duka la kebabu, na akamgonga kwa gari Msomali aliyekuwa njiani. Tangu mashambulizi hayo na lile la Pittsburgh, masinagogi mengi yameongeza walinzi na polisi. Mlinzi asiyewajua waumini humruhusu mweupe apite na kumsimamisha Mweusi amuulize anatafuta nini, na huyo Mweusi huenda ni Myahudi aliyekulia kwenye sinagogi hilo hilo. Mambo mawili hupunguza tatizo hili. Mlinzi asiachwe peke yake: asimame naye muumini anayewajua wenzake, amkaribishe kila anayefika kwa maneno yale yale. Na kama mifuko inapekuliwa, ipekuliwe ya wote, kuanzia ya mwenyekiti.